Udahili katika shule za kimataifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mzazi au mlezi anayemwombea mtoto nafasi, kuanzia chekechea hadi mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila shule ina taratibu zake, lakini namna ofisi za udahili zinavyofikiri inafanana sana popote uendapo.

Maombi hupitia hatua gani siku hizi?

Karibu kila kitu kiko kwenye mfumo wa mtandaoni. Unajaza fomu fupi ya kuulizia, unatembelea shule ana kwa ana au kwa video, unafungua akaunti ya maombi, unajaza fomu kamili, unapakia nyaraka, unalipa ada ya maombi. Faili likikamilika, mtoto anapimwa na kusailiwa. Kisha faili linakwenda kwenye kamati: mkuu wa udahili, mkuu wa sehemu husika ya shule, na inapobidi mwalimu wa lugha au wa mahitaji maalumu. Kamati ndiyo inayoamua. Ofisa uliyezoea kuongea naye kwa simu ana sauti moja tu pale mezani.

Wengi hukwama kwenye kukamilisha faili. Fomu uliyoihifadhi bila kubonyeza kitufe cha kuwasilisha bado ni rasimu, na hakuna anayeisoma. Kipengele kimoja kikikosekana, ombi zima hukaa kwenye hali ya “halijakamilika” wakati waliowasilisha baada yako wanapita. Ingia kwenye akaunti yako kila wiki uangalie hali ya kila kipengele, usisubiri kupigiwa simu.

Je, wanatafuta watoto wenye akili kuliko wote?

Shule chache zinazochuja kwa ushindani zinafanya hivyo. Nyingi zilizobaki zinajiuliza mambo matatu: mtoto huyu ataweza kufuata masomo kwa lugha tunayofundishia? Tunao walimu wa kumpa msaada anaouhitaji? Darasa hilo lina nafasi? Ndiyo maana mtoto mwenye alama za kawaida huweza kupata nafasi na mwenye alama za juu akaikosa, kwa sababu tu darasa la huyo wa pili limejaa.

Ukilielewa hilo, maombi yako yatabadilika sura. Kazi yako ni kumwonyesha mtoto alivyo, ili shule iweze kupanga. Faili lililopambwa kupita kiasi huwatia walimu shaka kuliko lenye udhaifu unaoeleweka.

Tuanze lini kuomba?

Shule nyingi hufungua maombi mwaka mmoja kabla ya mwaka wa masomo unaoutaka, na hupokea maombi mfululizo hadi nafasi ziishe. Nyingine zina tarehe ya mwisho, kisha hutoa majibu yote kwa pamoja. Uliza mapema shule yako iko kundi gani. Kwenye mfumo wa mfululizo, kuwahi kwa mwezi mmoja kunaweza kuamua matokeo, ila kwenye tarehe maalumu hakuongezi chochote.

Nafasi hazitoki kwa usawa. Hupatikana kwa wingi kwenye madarasa ya kuingilia: chekechea, mwanzo wa shule ya msingi, mwanzo wa sekondari. Madarasa ya katikati hutegemea nani anahama, na familia nyingi hutangaza kuhama mwishoni mwa mwaka wa masomo. Ndiyo maana mtu huambiwa “hakuna nafasi” mwezi wa tatu, akapigiwa simu mwezi wa saba.

Nyaraka gani zinahitajika, na wapi mambo huharibika?

Orodha ya kawaida: pasipoti ya mtoto na za wazazi, cheti cha kuzaliwa, kibali cha ukaazi kama kinahusika, ripoti za shule za miaka miwili au mitatu iliyopita pamoja na ya muhula wa karibuni, kadi ya chanjo, picha, na fomu ya mwalimu inayotumwa moja kwa moja na shule ya sasa. Wazazi waliotengana huombwa hati ya mahakama inayoonyesha nani ana haki ya malezi. Shule haiwezi kumpokea mtoto kwa saini ya mzazi mmoja ikiwa sheria inataka saini mbili.

Makosa yanayojirudia:

- Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la pasipoti. Fuata pasipoti kwenye fomu, kisha ambatisha maelezo au hati ya kubadili jina. Usipofanya hivyo, tofauti hiyo itakufuata hadi kwenye usajili wa mitihani ya mwisho.
- Ripoti imepigwa picha kwa simu, ukurasa wa pili haupo, na ufunguo wa alama umekatwa. Bila ufunguo, “3” inaweza kuwa alama bora au ya chini kabisa. Skani kurasa zote ziwe faili moja la PDF kwa kila mwaka, na ulipe jina linaloeleweka.
- Tafsiri imefanywa na mzazi mwenyewe. Shule nyingi hutaka mfasiri anayetambulika, na hutaka nakala ya lugha ya asili iambatane nayo.
- Ripoti ya mwisho ilitolewa mwaka mzima uliopita. Kama mtoto alikuwa likizo ndefu au alisomea nyumbani, eleza pengo hilo kwa mistari miwili. Pengo lisiloelezwa huulizwa kila mara.

Pale mamlaka za nchi unayokwenda zinapotaka vyeti vilivyothibitishwa, kumbuka kwamba nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 hutumia muhuri mmoja uitwao apostili, na nchi isiyo mwanachama huhitaji uthibitisho wa ubalozi. Kazi hiyo hufanyikia nchi iliyotoa cheti, kwa hiyo ifanye kabla hujahama.

Kwa nini siruhusiwi kuona fomu ya mwalimu?

Kwa sababu mwalimu anayejua kwamba mzazi atasoma huandika sifa tupu. Fomu hiyo huuliza jinsi mtoto anavyoshirikiana na wenzake, anavyopokea marekebisho, kama amewahi kuadhibiwa kwa jambo kubwa, kama anapewa msaada wowote darasani, na mara nyingi kama karo imelipwa. Shule mpya ikiona majibu ya mkato humpigia simu mkuu wa shule ya zamani, na sehemu ya sababu ni ulinzi wa watoto.

Fomu hii ndiyo huchelewesha faili kuliko kitu kingine chochote. Kiungo hutumwa kwa baruapepe ya mwalimu na kuishia kwenye taka. Mweleze mwalimu kabla ya kuingiza anwani yake, tumia anwani ya shule badala ya ya binafsi, na ulizia baada ya siku kama tano. Usiombe wakati shule imefunga: kwenye likizo ndefu hakuna atakayejibu.

Mtoto wangu atawekwa darasa la ngapi?

Hili huleta ugomvi mwingi, na karibu wote hutokana na namba. Mtaala wa Uingereza huhesabu mwaka mmoja mbele ya ule wa Marekani: Year 7 ni sawa na Grade 6, Year 13 ni Grade 12. Mtoto aliyetoka Year 6 akipelekwa Grade 6 amepanda hadi sawa na Year 7, ndiyo hatua yake ya kawaida. Akipelekwa Grade 5 anarudia mwaka. Mzazi asiyejua huweza kulalamika pasipo sababu, au kunyamaza pale alipopaswa kuuliza.

Baada ya namba huja tarehe ya kuzaliwa. England hutumia tarehe 31 Agosti: mtoto aliyezaliwa 30 Agosti 2020 anaingia Year 1 Septemba 2025, na aliyezaliwa 2 Septemba 2020 anasubiri hadi Septemba 2026. Siku tatu, mwaka mzima wa darasa. Shule zinazofuata kalenda nyingine zina tarehe zao za kukata umri, kwa hiyo kuhama kunaweza kumsogeza mtoto mbele au nyuma bila mtu yeyote kumwonea.

Kuna pia tatizo la kalenda. Anayetoka shule inayoanza Januari kwenda inayoanza Agosti au Septemba anafika akiwa na nusu mwaka unaoning'inia. Ama arudie miezi michache, ama airuke. Kwa watoto wadogo kurudia hakuna madhara makubwa. Kuanzia umri wa miaka 13 hivi, tazama maudhui badala ya umri pekee: omba mpango wa mwaka wa hisabati na sayansi kutoka shule zote mbili, uweke mada kwa mada. Hapo utaona kama mtoto atakosa sehemu nzima ya aljebra au ataisoma mara mbili. Mazungumzo na mkuu wa sehemu yakianzia kwenye karatasi hiyo huwa mafupi na yenye heshima.

Vipimo vinapima nini hasa?

Viwili hutajwa sana. CAT4 hupima uwezo wa kufikiri na hauhitaji somo lolote. Una sehemu nne: maneno, namba, maumbo, na nafasi (kugeuza maumbo kichwani). Alama ya wastani kwa umri ni 100, na kati ya 89 na 111 ni wastani wa kawaida. Walimu wazoefu hawatazami jumla kwanza, hutazama tofauti kati ya sehemu. Mtoto mwenye 118 kwenye maumbo na 86 kwenye maneno mara nyingi ni mtoto mwenye akili anayefanya mtihani kwa lugha ambayo bado hajaizoea. Wastani wake ungeficha hilo.

MAP Growth hupima alichojifunza katika kusoma, lugha na hisabati. Hufanyika kwenye kompyuta, na maswali hubadilika: akipata, linalofuata ni gumu zaidi, akikosa, linapungua ugumu. Kwa hiyo hata mwanafunzi hodari hukosa mengi, na hiyo si dalili mbaya. Hauna kikomo cha muda. Anayebofya haraka bila kusoma, mfumo humbaini na kumjulisha msimamizi.

Watoto wa chekechea hawafanyi mtihani. Huitwa kwenye kipindi cha kucheza, ambapo mwalimu hutazama kama mtoto anaachana na mzazi bila taabu kubwa, anafuata maelekezo mawili yanayofuatana, anashika kalamu, anasubiri zamu. Kilio cha dakika kumi hakimfukuzishi mtu.

Nimtafutie mwalimu wa kumwandaa kwa CAT4?

Hapana. Mwonyeshe mifano michache ili asishtushwe na aina ya maswali, basi. Alama iliyopandishwa kwa mazoezi humweka mtoto mahali ambapo kila siku atakuwa anakimbizana.

Mtoto hajui vizuri lugha ya kufundishia. Je, watamkataa?

Inategemea umri. Chini ya miaka minane hivi shule nyingi hupokea mtoto asiyejua kitu, kwa kuwa darasa zima bado linajifunza kusoma. Kadiri anavyopanda, ndivyo mlango unavyobana, maana lugha ya kitaaluma huchukua miaka kadhaa kukomaa hata kama mtoto anaongea na wenzake baada ya miezi michache. Sekondari ya juu hutaka kwa kawaida kiwango cha B2 au karibu yake kwenye ngazi za Ulaya za kupima lugha, zinazoanzia A1 hadi C2. Shule za mfumo wa Marekani hutumia pia ngazi sita za WIDA, mfumo wa Marekani wa kupima Kiingereza cha wanaojifunza lugha hiyo.

Uliza maswali ya undani: msaada wa lugha unatolewa ndani ya darasa au mtoto anatolewa nje? Akitolewa, anakosa somo gani? Huduma hiyo ina malipo ya ziada? Ina kikomo cha muda? Shule inayojibu kwa “tunasaidia kila mtoto” haijajibu.

Na msiache lugha ya nyumbani. Kwenye Diploma ya IB (programu ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari) mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wake, kwa utaratibu wa kujisomea chini ya uangalizi, ingawa kwa ngazi ya kawaida tu na si ya juu. Asiyeweza tena kuandika insha kwa lugha hiyo hawezi kutumia fursa hii.

Ana changamoto ya kujifunza. Niseme, au nisubiri aingie kwanza?

Sema. Fomu nyingi zina kifungu unachokisaini kwamba umetoa taarifa zote za kielimu na kiafya, na kwamba kuficha kunaweza kufuta nafasi hata baada ya mtoto kuanza. Yanayofuata baada ya kufichua katikati ya muhula huwa mabaya kuliko kukataliwa mwanzoni: mtoto ameshapata marafiki, karo imelipwa, na hakuna mwalimu aliyepangwa kwa ajili yake.

Ambatisha ripoti ya mtaalamu wa saikolojia ya elimu isiyozidi miaka miwili au mitatu, mpango wa kujifunza aliokuwa nao, na ukurasa mmoja uliouandika wewe: nini humsaidia, nini humvuruga, anahitaji msaada kwa saa ngapi kwa wiki. Ukurasa huo mmoja husomwa kuliko ripoti ya kurasa thelathini. Uliza pia kama nafasi za msaada zina idadi maalumu kwa kila darasa, kwa sababu nyingi zinayo, na hapo “hapana” ya mwaka huu inaweza kuwa “ndiyo” mwakani.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Mtoto huulizwa anachopenda kusoma, kitu kilichomshinda na alichofanya baadaye, na kwa nini anahama. Wazazi huulizwa wanatarajia nini, watakaa muda gani, na wanaonaje nidhamu na kazi za nyumbani. Kosa la mzazi ni kumjibia mtoto. Kosa la pili ni majibu ya kukariri: mtoto wa miaka kumi anayesema anataka “kukuza mtazamo wa kimataifa” ametumwa, na kila mtu chumbani anajua.

Tunahama akiwa katikati ya IGCSE au Diploma ya IB. Inawezekana?

IGCSE kwanza. Ni kozi ya mfumo wa Uingereza ya miaka miwili, kwa wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 hivi, na jina la somo halitoshi. Tafuta bodi ya mtihani (Cambridge au Pearson Edexcel) na namba ya silabasi. Hisabati ya Cambridge 0580, kwa mfano, ina ngazi ya msingi ambayo alama yake ya juu kabisa ni C, na ngazi pana inayofika A*. Mtoto akiwekwa ya msingi kwa sababu ya nafasi au ratiba, milango ya baadaye imeshaanza kujifunga. Kuhama mwishoni mwa mwaka wa kwanza ni vigumu lakini hufanyika. Kuhama ndani ya mwaka wa pili, shule nyingi hushauri arudie mwaka wa kwanza wa kozi.

Diploma ya IB ni ngumu zaidi kuhamisha. Mwanafunzi ana masomo sita, kwa kawaida matatu ya ngazi ya juu na matatu ya kawaida, kila somo lina alama 7, na kiini cha programu (nadharia ya maarifa na insha ndefu) huongeza hadi alama 3, jumla 45. Shule mpya inapaswa kuwa na masomo yaleyale kwa ngazi zilezile. Hata ikiwa nayo, mambo ya ndani hutofautiana: kozi ya fasihi ya lugha ya kwanza husoma kazi 9 za fasihi kwa ngazi ya kawaida na 13 kwa ya juu, na kila shule huchagua zake. Anayehama baada ya miezi sita anaweza kukuta kazi alizosoma hazimo kwenye orodha mpya. Kuna pia kazi za kila somo zinazosahihishwa na shule yenyewe na insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, inayohitaji msimamizi mpya. Usajili wa mitihani ya Mei hufungwa Novemba, kwa hiyo kuhama baada ya hapo karibu haiwezekani.

Kabla ya kusaini mkataba wa kazi mpya, mtumie mratibu wa Diploma wa shule unayoitaka orodha ya masomo na ngazi. Ofisi ya udahili haiwezi kukujibu hilo peke yake.

Tuko kwenye orodha ya kusubiri. Ni namba ngapi?

Mara nyingi hakuna namba, na shule inayokupa namba inaweza kukupotosha. Nafasi ikitokea, wanaotazamwa kwanza ni ndugu wa wanafunzi waliopo, watoto wa wafanyakazi, na wakati mwingine watoto wa kampuni au balozi zenye mkataba na shule. Kisha huangaliwa uwiano wa darasa: wavulana na wasichana, lugha, wanaohitaji msaada. Tuma ripoti mpya kila muhula unapoisha na uthibitishe kwamba bado unataka nafasi. Kupiga simu kila wiki hakusaidii.

Tumepewa ofa. Tunalipa nini, na nini hakirudishwi?

Tofautisha vitu vinne: ada ya maombi, ada ya kusajiliwa au mchango wa majengo, amana, na karo yenyewe. Ya kwanza hairudi. Ya pili karibu kila mahali hairudi. Amana hurudi mtoto anapoondoka, kwa sharti la kutoa taarifa kwa maandishi mapema, mara nyingi muhula mmoja kamili kabla. Familia nyingi hupoteza amana kwa kutuma taarifa siku chache baada ya muhula kuanza. Soma pia nini hakimo kwenye karo: usafiri, chakula, safari, ada za mitihani, msaada wa lugha.

Ofa ina muda, mara nyingi wiki moja au mbili. Ukihitaji siku zaidi, omba kwa maandishi kabla haujaisha. Ukiwa na watoto wawili na mmoja tu amepata, sema wazi kwamba uamuzi wenu ni wa pamoja. Shule hulizingatia hilo, ingawa halilazimishi.

Wamemkataa. Naweza kukata rufaa?

Kwenye shule binafsi mara chache. Unaweza kuuliza sababu na kama inafaa kuomba tena, na lini. Ukiambiwa “lugha” au “msaada”, una kitu cha kufanyia kazi. Ukiambiwa “nafasi”, ni hivyo tu.

Tutajuaje shule yenyewe ni ya kweli?

Usiishie kwenye nembo. Tafuta jina la shule kwenye tovuti ya chombo kinachotoa ithibati, kama CIS, NEASC, WASC, Cognia au COBIS. Kwa IB, shule iliyo “mgombea” bado haijaidhinishwa na haiwezi kumfanyisha mwanafunzi Diploma. Kama mtoto ana miaka 15, tarehe inayotarajiwa ya idhini ni swali la kwanza kuuliza, na jibu liwe la maandishi.

Tuiarifu shule ya sasa lini?

Mwambie mwalimu mnapoanza kuomba, kwa sababu mtamhitaji. Taarifa rasmi ya kuondoka itoeni baada ya kusaini ofa na kulipa amana ya shule mpya, lakini kabla ya tarehe ya taarifa iliyo kwenye mkataba wenu wa sasa. Tarehe hizo mbili zikigongana, omba shule mpya ikuharakishie jibu kabla hujaomba shule ya zamani ikuongezee muda.